Mwitikio wa Mulei

Sauti ya Mulei ilikatika katikati ya neno.

Alikuwa chini kabisa ya kisima cha mchangani, kwenye mto mkavu, akijaza karai. Mamake, Kalekye, alikuwa ameketi ukingoni akiita kama desturi yao ilivyo. Watu wa pande hizo za Mutomo wakichimba maji mtoni, mtu wa chini haachwi kimya. Aliye juu huita, aliye chini huitikia, ndiyo wa juu wajue bado anapumua.

"Tanai!" Kalekye aliita.

"Mavinda o—"

Mchanga ukateremka. Haukupiga kelele. Ulimiminika tu, kama mahindi yanayotoka kwenye gunia lililopasuka, na kisima kikajifunika.

Wariara, mke wa Mulei, ndiye aliyekuwa ameshika kamba ya karai. Akaivuta, ikakataa. Akaivuta tena mpaka viganja vikachunika. "Mulei! Wacha mchezo, bwana!" Maana Mulei alikuwa mtu wa mchezo. Juzi tu alinyamaza huko chini makusudi, na Wariara alipoanza kulia akaitikia kwa sauti ya mbuzi.

Leo mbuzi hakulia.

Nzioka, mdogo wake Mulei, aliacha punda na mitungi akaja mbio. Majirani wakaja na makarai, sufuria, sahani, chochote cha kuchotea. Majembe yalikatazwa yasije yakamkata. Walichota, na kila walichotoa, ukingo ulirudisha nusu. Mvua ilikuwa imewanyima kwa muda mrefu sana, ndiyo maana kisima kilikwenda chini hivyo, kikifuata maji yanayowakimbia.

Muda wote huo Kalekye hakuacha kuita. Anaita "Tanai!", anainamisha sikio mchangani, anangoja. Kimya. Anaita tena.

Wariara alikuwa Mkikuyu. Mulei alimpata mjini Emali, kwenye kibanda cha shangazi yake, akiuza viazi. Kikamba kilimpita masikioni kama upepo, lakini neno hilo moja alidhani analijua. Kanisani liliimbwa kila Jumapili, naye akaona ni Kiswahili kilichopindwa kidogo: kutaneni. Kwa hivyo wakiliimba tu, yeye anageuka, anamshika mkono aliye kulia, aliye kushoto, hata aliye nyuma. Kina mama walicheka mpaka wakafuta machozi na leso, na hakuna aliyemwambia kitu. Mwishowe kanisa zima likaanza kushikana mikono.

Sasa neno lenyewe lilimchoma. "Mama, nyamaza! Akutane na nani? Si amefunikwa, huoni?"

Nzioka, aliyekuwa shimoni mchanga ukimfika kifuani, alijibu bila kuinua kichwa. "Si kukutana, shemeji. Ni kufurahi. Mama anasema furahini, naye anaitikia 'mavinda onthe', yaani siku zote."

Wariara alisimama pale na sufuria mkononi. Halafu akaitupa.

"Furahini? Mtoto wako yuko chini ya mchanga na unamwambia afurahi? Nyinyi ni watu wa aina gani?"

"Nimwambie nini, mwiitu?" Kalekye aliuliza polepole. Alimwita mwiitu, binti, tangu siku alipoletwa. "Nimwambie kwaheri? Huyu nilimzaa mwaka wa njaa. Babake akafa kabla hajatambaa. Furaha ya chakula ikaenda, ya mume ikaenda, ya ng'ombe ikaenda. Nikabaki na Yesu. Nikamuuliza, na wewe unaenda lini? Hakuenda." Alikohoa vumbi. "Usifikiri siumwi. Miguu yangu hata siisikii. Lakini kama kuna kitu kimoja mtoto wangu anasikia huko, wacha kiwe hicho."

"Na mbona hamkuniambia neno lenu?"

"Mulei alikataa. Alisema tukuache hivyo hivyo, eti huo mkono wako unafurahisha kanisa kuliko kwaya yote."

Wariara akapiga magoti, akaokota sufuria yake, akachota.

Waliteremsha pipa lililokatwa pande zote mbili, lishike kuta. Nzioka akaingia ndani yake, akachota kwa vidole. Jua lilikuwa limeinama magharibi aliposema, "Nimepata mkono."

"Vuta basi!" Wariara alipaaza sauti. "Nzioka, vuta!"

Nzioka hakuvuta.

"Shemeji," alisema. "Ni baridi."

Kalekye alilala kifudifudi mchangani. Hakupiga yowe. Sauti iliyokuwa imeita mchana kutwa ilikwisha, ikawa pumzi tu. Wanawake wakamwinamia, wengine wakashika vichwa, na kilio kikaenea mto mzima. Wariara alitamani kukimbia, akimbie mpaka Emali, mpaka kibanda cha viazi, aketi pale kama mtu ambaye hajawahi kuolewa.

Ndipo kisima kikaguna. Pipa lilikuwa linabanwa.

"Mbona mmeninyamazia?" Nzioka alilia kutoka chini. "Mchanga unashuka huku! Nimefunga ndugu yangu kamba, lakini naogopa. Niiteni! Jamani, niiteni!"

Hakuna aliyeweza. Kila mdomo ulikuwa umejaa kilio.

Wariara alijilaza ukingoni kwa tumbo. "Ngai, Mungu wangu," aliomba, "mimi leo hilo neno sina. Nipe lako." Akafungua mdomo. "Tanai."

"Sisikii!"

"Tanai!"

"Mavinda onthe!" Nzioka aliitikia huku akilia, na wanaume wakavuta kamba.

Wariara aliita tena. Haikuwa kicheko, wala uchungu haukusogea hata kidogo, ulikuwa umemkalia kifuani na uzito wake wote. Lakini chini ya uchungu ule mguu wa moyo wake ulikanyaga kitu, kitu kigumu, ambacho mchanga wote ule ulikuwa umeshindwa kukizika. Hakukijua kwa jina lingine ila hilo aliloliita. Akasimama juu yake, akaita.

Mulei akatoka, mchanga ukimwagika kutoka nywele zake. Wariara alimtazama, lakini sauti hakuikata, kwa kuwa Nzioka alikuwa bado chini. Aliita mpaka vidole vya Nzioka viliposhika ukingo, mpaka mwili wake wote ukawa juu. Nyuma yake pipa likamezwa.

Hapo ndipo alipomgeukia mumewe. Akaufuta mkono wa kulia wa Mulei kwa leso, akaushika kama alivyoshika mikono ya watu kila Jumapili. Mkono mwingine wa Wariara ulibaki wazi. Kalekye akajikokota mchangani, akaushika.

"Tanai," mama yule alinong'ona.

Wariara ndiye aliyeitikia.