Wifi Scola Mbele ya Wakwe

Kabula wa Bariadi alikuwa mtu wa nyumba kujaa. Bila wageni wawili watatu wa kumletea habari, chakula hakikumpanda. Lakini siku wakwe walipokuja kumposea kijana wao bintiye Honorata, alikuwepo mtu mmoja ambaye Kabula alitamani asionekane: wifi yake, Scola.

Kisa mikono. Scola alikuwa akitetemeka tangu alipofanya kazi mwaloni, kule wanakonasa dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma mpaka zebaki ipae na moshi. Kaka yake Damas, marehemu mume wa Kabula, naye alitetemeka hadi anazikwa. Mtaa ukasema gongo. Kabula akauacha useme. Pombe mtu huacha. Ukoo ukisemwa una ugonjwa, nani ataoa humo?

"Wifi, leo kaa jikoni. Wali utaungua."

"Wali au posa?" Scola akacheka.

Sebuleni, mkwe Luhaga, mwenye mwalo, hakuzunguka. "Kwetu dhahabu hachomi kibarua, ataiba. Wanachoma wake wa nyumba, jikoni. Mama Fredrick huyu amechoma tangu nimuoe. Sasa tumempatia msaidizi." Akamtazama Honorata kama mtu anayekagua pikipiki mpya.

Tabasamu la Kabula likakauka. Scola akatokea bila kuitwa.

"Mwangaluka, wakwe." Akanyoosha mikono ili waione vizuri. "Hii si gongo. Nilichoma dhahabu. Kaka yangu naye alichoma."

Mama Fredrick akakunja uso. "Mbona mimi nachoma miaka yote na ni mzima?"

"Ndilo nililomuuliza daktari, dada yangu. Tulikuwa wengi kwenye moshi ule ule, tukaumia zaidi sisi wa tumbo moja. Akasema zebaki ni sumu kwa kila mtu, ila miili haifanani. Upo unaoitoa haraka, upo unaoing'ang'ania, na hilo mtu anaweza kulirithi. Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Huenda amelichukua, huenda hakulichukua. Sitaki tulijue kwa kumweka kwenye moto wenu."

Kabula aliona ng'ombe wa mahari wakirudi zizini kwao, mmoja mmoja.

"Sasa mnatupa mke au mgonjwa?" Luhaga akauliza.

"Mke," Scola akajibu. "Kama mmekuja kutafuta mchomaji, mmekosea mlango."

Hata Kabula, pamoja na hofu yake, alijikuta amenyoosha mgongo. Maneno hayo yeye asingethubutu kuyasema, ingawa mikono yake imetulia!

Mama Fredrick akamgeukia mumewe. "Baba Fredrick, watoto wetu wote nimewabeba mgongoni pale motoni. Umewahi kujiuliza?"

Mama Fredrick hakungoja jibu.

"Mkwe wangu hatachoma. Na moto huo nautoa jikoni kwangu. Scola, huyo daktari wako anapatikana wapi? Nataka nipimwe, mimi na wanangu."

Luhaga akakohoa. "Haya, wanawake mmeshapanga. Basi hata wali hatupewi?"

Wali ulikuwa umeungua kweli. Walikula hivyo hivyo, Scola amekaa katikati ya wakwe. Jirani Felisita, aliyenusa shughuli tangu asubuhi, akachungulia mlangoni, akanong'ona, "Mama Honorata, leo wifi yako hajapiga gongo?"

"Gongo gani?" Kabula akapaza sauti sebule nzima isikie. "Ingia, kaa hapa. Wifi yangu akusimulie mwenyewe kilichomuua mume wangu."