Mikono ya Sista Pamba

Mlinzi alipofungua geti la wageni, Msusi alikuwa wa kwanza kuingia, kama kawaida yake. Alibeba shuka safi, mafuta ya kupaka miguu na gazeti la juzi. Chakula hakubeba. Mumewe, fundi wa kupaka rangi majumba, alikuwa amepasuliwa tumbo na kukatwa kipande cha utumbo, na madaktari walikuwa wamempiga marufuku kutia chochote kinywani. Alilishwa maji mazito meupe kupitia mrija uliochomekwa shingoni. Msusi alipanda ngazi hadi wodi ya wanaume, akamwamkia mzee wa kitanda cha jirani, akafungua pazia na kumkuta mumewe ameinuka shibiri moja juu ya godoro.

Alikuwa amelala chali hewani, mikono kifuani, macho ameyafumba. Kati ya mgongo wake na godoro mtu angeweza kupitisha mto bila kumgusa. Msusi aliupitisha, akaona ni kweli, akautoa.

"Ameanza kupanda mchana," mzee wa jirani alimwarifu. Mzee huyo alikuwa na redio ndogo ambayo hakuizima hata alipokuwa akipimwa presha. "Sista Pamba alipotoka tu."

Msusi alisema ahsante. Kuinuka kwenyewe hakukumbabaisha. Mgonjwa mmoja wa kitanda cha dirishani alikuwa ameinuka mwezi uliopita, na manesi walisema kwamba mtu wa namna hiyo ni rahisi hata kumbadilishia mashuka. Kilichomuuma roho ni hilo jina.

Sista Pamba alikuwa nesi wa zamu ya mchana. Jina lake hilo alipewa na wagonjwa, kwa ajili ya mikono yake. Wanaume wazima waliokuwa wakigombana na manesi wengine walinyamaza kimya akiwashika. Kulikuwa na mmoja mwenye jipu aliyenuna Jumapili nzima kwa sababu Sista alikuwa mapumzikoni. Mikono ya Msusi ilikuwa ya aina nyingine. Miaka ya kusuka nywele za watu ilimwotesha sugu vidoleni, na uzi ulikuwa umemchimbia mfereji kwenye kidole gumba. Zamani mumewe alimtania kwamba kwa mikono ile hahitaji kununua msasa wa kusugulia kuta, wakacheka wote wawili. Siku hizi alipokumbuka utani huo hakuona cha kuchekesha.

Na kubwa kuliko yote, Sista ndiye aliyemlisha. Tangu waoane, hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kumpelekea mumewe chakula. Hata mawifi zake walipakua, wakamwachia yeye abebe sahani. Sasa alisimama pembeni na mikono mitupu, akimtazama mwanamke mwingine anatundika mfuko kwenye stendi, anafungua mrija, anauliza kwa sauti ya chini kama baba yuko salama, na baba mwenyewe kafumba macho kwa raha. Wivu ulimpanda hadi masikioni.

Akaanza kuchunguza. Kila Sista alipoufungua mrija na kuunganisha mfuko mpya, hazikupita saa nyingi Fundi akatetemeka mwili mzima, meno yakagongana, akapanda kidogo zaidi. Msusi akajisemea moyoni kwamba kwake hakuwahi kutetemeka hivyo, hata mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Unamwonaje huyu Sista?" alimuuliza siku moja, akijifanya anasoma gazeti.

Fundi alifungua macho yake, mekundu kwa homa. "Mikono yake ya baridi," alisema. "Inanituliza."

Msusi akasonya, akakunja gazeti.

Tangu siku hiyo aliomba ruhusa ya kushinda wodini, na hakuna aliyemkatalia, kwa kuwa manesi walikuwa wachache na mtu wa kumgeuza mgonjwa wake mwenyewe alikuwa neema. Alichotaka ni kimoja: mumewe abaki chini, asitokee mtu wa kusema kwamba kapanda kwa ajili ya mwanamke mwingine. Alileta nyuzi zake za kusukia, akasuka kamba nene, akamfunga mume kiunoni na kwenye vifundo vya miguu, akaikaza kwenye vyuma vya kitanda na kumfunika shuka mpaka kidevuni. Kila asubuhi kabla ya raundi alishuka ghorofa ya chini, kwenye bomba pekee lililokuwa likitoa maji, akapandisha ndoo kichwani na kumkanda mume kwa kitambaa mpaka ngozi ikapoa. Daktari akifika alimgusa Fundi paji la uso na kuuliza kama ana homa. Msusi akajibu hana. Anatetemeka? Hatetemeki. Kwa jumla yukoje? Ametulia. Daktari alikuwa na vitanda vingine vingi vya kupitia. Alishukuru kumpata angalau mmoja aliyetulia, akaenda zake.

Sinki la wodi lilikuwepo, karibu na mlango, lakini maji yalikuwa hayajafika ghorofa ile kwa muda mrefu hivi kwamba mtu alikuwa ameweka ndani yake chungu cha ua. Chupa ya dawa ya mikono ilining'inia ukutani ikiwa tupu. Mchana mmoja Sista Pamba alitoka kufunga kidonda cha mgonjwa wa mwisho kabisa wa safu, akaiona ndoo ya Msusi, akasimama na kunyoosha mikono yake juu yake.

"Dada, nimwagie kidogo ninawe," alisema. "Namwendea mumeo, nina mrija wa kufungua."

Msusi aliitazama mikono ile. Aliona inaandaliwa, inatiwa ubaridi, inakwenda kumshika mume wake.

"Maji haya nimempandishia mume wangu," alijibu. "Ya kunawa yako chini."

Sista aliangalia ngazi, kisha akaangalia vitanda. Akasema, bila kinyongo, kwamba akishuka kila mara hakutakuwa na wa kubaki na hawa. Akajifuta mikono kwenye sare yake, akamwendea Fundi, akafungua mrija.

Kamba ilikatika baada ya siku chache, katikati ya raundi. Iliachia kwanza miguuni, kisha kiunoni, na Fundi akapanda polepole pamoja na shuka lake, akaipita stendi, mpaka pua yake ikakaribia dari. Kilichomzuia asielekee kwenye feni ni ule mrija wa shingoni, uliokuwa umevutika mpaka mwisho. Mtu akazima feni. Daktari aliuliza mgonjwa huyu ameanza kupanda lini, na mzee wa redio akamjibu kabla Msusi hajafungua kinywa.

Ngazi ililetwa kutoka stoo. Daktari alipanda na sindano yake, akachukua damu kwenye mkono mmoja, akachukua na nyingine kwenye mrija. Fundi, homa ikimwasha, alikuwa akiikagua dari kwa karibu. Alitangaza kwamba waliopaka wamepiga mkono mmoja tu, tena bila kukwangua rangi ya zamani. Hakuna aliyembishia.

Majibu ya maabara yalipotoka, daktari alimwita Msusi kwenye korido na kumwambia kwamba mumewe ana fangasi kwenye damu.

"Hizi za miguuni?" Msusi aliuliza.

Daktari alisema hapana, hizi ni za ukoo wa hamira, ndiyo maana mtu anaumuka. Siku zote ziko kwenye ngozi na tumboni mwa watu na hazina neno, lakini zikipata mrija kama ule zinashika njia mpaka kwenye damu. Dawa za bakteria haziziwezi. Na mara nyingi, aliongeza, zinabebwa na mikono.

Msusi alikuwa amesikia nusu tu. "Kwa hiyo si mambo ya moyo?"

"Moyo nao tutaupima," daktari alisema. "Huwa zinapenda kukaa humo. Na machoni."

Msusi alifurahi. Isifichwe: alifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibiwa. Mume wake hakuwa amependa mtu, alikuwa na fangasi tu. Alirudi wodini akiimba chini kwa chini, akampungia mume mkono kule juu. Daktari wa macho alipokuja na kupanda ngazi na tochi yake, Msusi alimuuliza kutoka chini kama ameona mtu yeyote humo machoni. Daktari wa macho alijibu kwamba ameona tochi yake tu. Furaha ya Msusi ikazidi, na ilidumu mpaka mzee wa redio alipopunguza sauti ya redio, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo.

"Mwanangu, yule wa dirishani unajua alishukaje?"

Msusi hakujua.

"Hakushuka," mzee alisema. "Walimteremsha."

Hapo ndipo Msusi alipokaa. Alikumbuka asubuhi zote alizompoza mume ili daktari asihisi joto. Alikumbuka na ndoo. Alitazama juu, kwa mwanamume aliyezaa naye watoto na aliyekuwa sasa akihema kwa shida karibu na taa, na akaogopa kweli.

Uongozi wa hospitali ulikuja kutazama. Ulitazama dari. Daktari aliwaonyesha sinki, na mkurugenzi akalisifu ua. Baada ya kikao iliamuliwa kwamba wavu ufungwe chini ya dari ya wodi nzima, ili mgonjwa mwingine akipanda asiumizwe na feni. Kuhusu bomba, ilisemekana ni suala la idara nyingine.

Kabla wavu haujafika, ilibidi mrija utolewe. Fangasi zilikuwa zimejijengea humo, daktari alieleza, na dawa haitafua dafu mpaka uondoke. Lakini mrija huo huo ndio uliokuwa ukimshikilia Fundi, na madirisha ya wodi hayakuwa na vitasa. Daktari aliuliza nani atamshika.

Msusi alipanda juu ya meza, akamkamata mume kifundo cha mkono. Mrija ulipotoka alisikia mvuto wake, mvuto wa ng'ombe anayetaka kwenda kwake, na sugu zake zikashika. Alimvuta chini kidogo kidogo mpaka mkono wa pili ukafikika, daktari akatafuta mshipa mpya na kutundika dawa ya fangasi. Msusi hakuachia. Mchana ule na siku zilizofuata aliishi juu ya meza ile, akibadilisha mkono wa kulia na wa kushoto, akilishwa na mawifi zake waliokuja kwa zamu na kumsifia kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Wao wenyewe walijaribu kumshika kaka yao, ikaonekana hawana mikono ya kazi hiyo.

Shida ilikuwa haja. Siku moja mawifi walikuwa wamekwisha ondoka, na wa karibu alikuwa Sista Pamba peke yake. Msusi alijibana mpaka macho yakamtoka. Mwishowe alimwita, akamkabidhi mkono wa mume wake bila kumtazama usoni, akakimbia.

Aliporudi, Sista alikuwa amesimama juu ya meza, amemshika Fundi kwa mikono yote miwili, na alikuwa amelala. Alikuwa amelala akiwa wima, kwa uchovu, mdomo wazi. Msusi alipanda tena mezani. Alitaka kumwambia habari ya ndoo.

"Nipe mkono wake," alisema.

Sista alizinduka, akampa. "Amekuwa mzito," alimwambia. "Hiyo ni dalili nzuri, dada."

Na kweli, dawa ilikuwa imeshika. Fundi alianza kushuka. Kutetemeka kukaacha, macho yakawa meupe, akaomba chakula na akakatazwa, kisha akaomba tena na akapewa kijiko kimoja cha uji mwepesi, alichokipeleka mdomoni mkewe. Asubuhi moja mgongo wake uligusa godoro, likabonyea. Damu ilipimwa tena na tena na kuonekana safi, lakini dawa iliendelea kwa majuma mengine, na Msusi hakuondoka kando yake hata wakati hakukuwa na cha kushikilia.

Siku ya kuruhusiwa, kitanda cha mzee wa redio kilikuwa na mtu mwingine, kijana seremala aliyepasuliwa tumbo, mrija mpya shingoni. Mzee alikuwa amekwenda kwake na redio yake. Karibu na kijana alikaa mke wake, bibi harusi wa juzijuzi, hina haijafutika vidoleni, na mikono mitupu mapajani. Sista Pamba alikuja moja kwa moja kutoka kitanda cha tatu, akamsalimu kijana, akafungua mrija na kuunganisha mfuko mweupe. Kijana alifumba macho, uso ukalegea. Mkewe hakumwangalia mumewe. Aliangalia mikono ya Sista.

Msusi alikuwa akikunja shuka. Alilitambua jicho lile vizuri sana.

"Eti dada," mke wa kijana aliuliza kwa sauti ya chini Sista aliposogea kuchukua plasta, "mumeo naye alimzoea hivi huyu Sista?"

Msusi alikuwa na mengi ya kumwambia, na yote aliyajua kwa mpangilio: bomba liko wapi, nani apandishe maji, nani anawe kabla mrija haujafunguliwa, na daktari aambiwe nini mtu akianza kutetemeka. Lakini huwezi kuyasema hayo bila kusema umeyajuaje. Ingebidi aseme mume wake alivyotetemeka, na watu walivyomwona akipanda baada ya kushikwa na mwanamke mwingine, na alivyofungwa kwa kamba kama mbuzi ili asimfuate. Fundi alikuwa pale pale, anavaa viatu, masikio wazi.

"Wangu?" alisema. "Wangu hata hakumtazama."

Mke wa kijana alishusha pumzi. Sista Pamba alikuwa anarudi na plasta yake, na bibi harusi akainuka, akavuta kiti pembeni, ili Sista apate mahali pazuri pa kusimama.