Meza ya Mbeyu Siku ya Sabato

Tangu abatizwe, Mbeyu hakuwahi kuuza chakula Jumamosi. Ijumaa, kabla jua halijatua, sufuria zilikuwa zimeshaoshwa na meza yake imefunikwa turubai. Kesho yake utamkuta katika kanisa la Wasabato pale Junda, mstari wa mbele wa kwaya, sauti yake ikipanda juu ya zote. Siku nyingine watu walimpangia foleni kwa ajili ya mahamri na mbaazi za nazi, na wengine walikuja kutoka mbali, hata Bamburi.

Kwa hiyo tangazo la kamati ya soko lilimchoma. Mwenyekiti, Bwana Oduor, muuza viatu vya mitumba, alilisoma kwa kipaza sauti asubuhi moja soko likiwa limejaa: kuanzia mwezi ujao kila meza iwe wazi siku zote saba, la sivyo atapewa mtu mwingine.

"Hata Jumamosi, Bwana Oduor?" Mbeyu aliuliza, upawa mkononi.

"Hata Jumamosi, mama. Hatumkatazi mtu kusali. Lakini ndiyo siku wafanyakazi wa viwandani wanakuja kununua. Wakikuta meza zimefunikwa wanaenda zao supamaketi, na hawarudi. Soko hili likifa, tumekufa sote."

Mbeyu alitamani kumwambia ni mwongo, akashindwa. Maneno yale yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo palipouma.

Ummi, jirani yake aliyeuza samaki wa kukaanga, alimsogelea. "Wallahi, leo wamekuanza wewe. Kesho watanigeukia mimi nikienda kuswali Ijumaa."

Nyumbani, mumewe Jefwa, mzee wa kanisa na kibarua wa maghala ya Changamwe, hakuona ugumu wowote. "Iache hiyo meza. Mungu atakupa nyingine."

"Mungu alishanipa hii, baba watoto. Na kazi yangu naipenda. Kwa nini niambiwe nichague kati ya imani yangu na jasho langu? Mimi nataka vyote viwili."

Siku ya pili yake alimwita Vivian. Huyu alikuwa msichana kutoka Nakuru aliyezunguka sokoni na ndoo ya chapati na maharagwe. Kwa kuwa hakuwa na meza, kamati ilimfukuza kila ilipomwona.

"Wewe unasali lini?" Mbeyu alimuuliza.

Vivian alishangaa. "Jumapili, mathe. Kwani nimekosea nini?"

Mbeyu aliangua kicheko hadi Ummi akageuka kutazama. "Hujakosea kitu, mwanangu. Kaa hapa tuzungumze."

Jioni alimweleza Jefwa kwamba Vivian atatumia meza kila Jumamosi. Jefwa alitikisa kichwa. "Ukimweka mtu akuuzie siku ya Sabato, umeuza wewe. Amri inamgusa hata mgeni anayekaa kwako."

Mbeyu hakuwa amelifikiria jambo hilo, na lilikuwa zito. Alilala nalo, akaamka nalo, akakanda unga wa mahamri nalo. Jefwa alipokuwa akivaa viatu kwenda kazini, Mbeyu alimwendea mlangoni.

"Hataniuzia mimi," alisema. "Siku hiyo meza ni yake. Chakula chake, moto wake, faida yake. Mimi sitachukua chochote, wala sitamwambia apike wala asipike. Atakayoyafanya ni kati yake na Mungu wake."

Jefwa alifunga kamba za kiatu taratibu. "Na wateja wakimpenda kuliko wewe?"

"Itabidi nipike vizuri zaidi."

Jefwa alicheka, naye Mbeyu akajua amekubali.

Mkutano wa soko ulijaa. Bwana Oduor alisikiliza ombi la Mbeyu, kisha akakataa. "Kanuni yetu ni meza moja, mtu mmoja. Tukianza kugawana siku, kesho meza zitakuwa mikononi mwa madalali."

Mbeyu alisimama. Kuimba mbele ya watu alikuzoea, si kubishana.

"Mwenyekiti, shikamoo. Naomba kuuliza. Unachotaka hasa ni meza iwe wazi, au ni mimi niwe nyuma yake?"

Oduor alikuna kidevu. "Iwe wazi."

"Itakuwa wazi. Sijaomba nipendelewe kwa sababu ya dini yangu, wala sitaki mtu afunge kwa sababu yangu. Mimi niachiwe siku yangu, na huyu msichana aachiwe ajaribu bahati yake. Mnamfukuza kwa kuwa hana mahali. Haya, mahali ndipo hapa."

"Na akipika ovyo?" mtu aliuliza kwa nyuma.

"Watu hawatanunua," Mbeyu alijibu. "Hilo nalo linahitaji kamati?"

Soko zima likaangua kicheko. Ummi akanyoosha mkono wa kwanza, mikono mingine ikafuata, na mwisho Bwana Oduor mwenyewe akanyoosha wake. "Haya, tujaribu tuone."

Jumamosi ya kwanza, Mbeyu aliimba kanisani huku nusu ya moyo wake iko sokoni. Alimwomba Mungu msamaha, akaimba tena. Yeye na Jefwa wakirudi nyumbani kupitia sokoni, aliona umati umeizunguka meza, na Bwana Oduor amesimama katikati, chapati mkononi, mchuzi wa maharagwe ukimchuruzika kidevuni. Wivu ulimchoma kidogo. Kisha Vivian akampungia mwiko, uso wote meno, na wivu ukayeyuka.

"Sabato njema, mathe!"

"Sabato njema, mwanangu!"

Wiki zilizofuata soko lilichangamka. Kamati iliifuta ile kanuni ya mtu mmoja, na yeyote akawa huru kupatana na mwenzake mradi meza isikae tupu. Ijumaa, Ummi akienda msikitini, mama mmoja wa Kidigo aliuza madafu mahali pake. Mbeyu naye aliposikia wateja wanazisifu sana zile chapati, alizidisha tui kwenye mbaazi na iliki kwenye mahamri, na foleni yake ikarefuka kuliko zamani.

Jumapili moja Vivian alikuja moja kwa moja kutoka kanisani kwao, amevaa gauni la manjano, nyuma yake kundi zima la vijana wenzake.

"Mathe, tupakulie sote. Na usinipunje eti kwa sababu tunashindana."

"Nikupunje?" Mbeyu alijaza sahani hadi mbaazi zikamwagika ukingoni. "Wewe nitakujaza mpaka tumbo likuzuie kuamka Jumamosi."

Vijana walicheka kwa kelele, Vivian akicheka kuwazidi wote. Mbeyu akachota sahani nyingine, huku akiimba.