Vigololi Elfu Mbili

Mama mkwe wangu, Graca, hajalala usingizi wa maana tangu avuke Ruvuma. Husinzia ameketi, kidevu kifuani, kisha hushtuka na kwenda kupapasa komeo la mlango. Huu ni mwaka wa nne. Nimeshazoea kulisikia lile komeo kama wengine walivyozoea jogoo.

Habari yenyewe aliisimulia mara moja tu, siku alipofika kwetu Mtawanya na kanga mbili na sufuria isiyo na mfuniko. Kijijini kwao, ng'ambo, watu wenye bunduki waliingia asubuhi. Yeye na mumewe walikuwa wameshafika shamba la mihogo, ndipo mzee akasimama. "Ngoja nikafunge nnango," akasema, maana mlango ukibaki wazi kuku wangeingia kwenye mchele. Akarudi. Mama akamngoja kwenye mihogo mpaka jua likazama. Basi. Nami sikuuliza.

Sasa niambie, mwanamke wa namna hiyo unamletea bunduki ndani ya nyumba? Mimi nilimletea. Tena kwa mbwembwe.

Naitwa Rebeka, ni fundi. Baba yangu alitoka Kyela kuja kufanya kazi bandarini, akaniachia bisibisi na hasira za haraka. Kibanda changu kiko Chikongola, natengeneza feni na redio na blenda, lakini raha yangu hasa ni bunduki za mchezo, zile zinazotema vigololi vya plastiki. Ismaili ana uwanja kule Nanyamba, ndani ya mikorosho, ambako watu wazima na akili zao hujigawa timu mbili wakawindana, kisha wakarudi mjini wamejaa vumbi na majigambo. Bunduki zake mimi ndiye ninayezibadilisha springi, ninayezirekebisha gia, ninayezitia betri ya nguvu. Safari hii alitaka magazini ya duara, pana kama sahani ya wali, inayobeba vigololi elfu mbili, ili mchezaji asisimame kujaza kila mara. Akataka na kitako cha mbao.

Kitako kilikuwa kazi ya mume wangu, Dercio, mchonga vinyago. Wachongaji wana ujanja wao ambao mnunuzi haambiwi: mti mweupe ukisuguliwa msasa laini, ukapakwa dawa nyeusi ya viatu, ukaanikwa na kupakwa tena, utaapa ni mpingo. Dercio alikipaka kitako mara nne. Nilipokiona nikaona wivu. Mdomo wa mtutu ulikuwa na rangi ya chungwa, alama ya kumwambia kila mtu kwamba hiki ni kitu cha kuchezea. Nikachovya kidole kwenye kopo lile lile la dawa ya viatu, nikaipaka ile rangi mpaka ikapotea. Hakuna aliyeniomba. Tukailaza bunduki mkekani sebuleni, tukaitazama, tukacheka kwa furaha, kisha tukaenda uani kunawa mikono.

Ilikuwa Agosti, saa nane mchana. Mikorosho ilikuwa katika maua, na harufu yake tamu ilikuwa imewalaza hata mbwa wa jirani. Tuliporudi ndani tulikuta mlango wa mbele uko wazi. Mama hajawahi kuacha mlango wazi.

Tulimkuta kwenye njia ya kwenda barabarani, pekupeku, sufuria mkononi. Hakuwa akikimbia. Alitembea polepole, macho mbele, kama mtu aliye ndotoni. Dercio akamshika bega.

"Mama, ile ni ya mchezo. Nimeichonga mwenyewe."

"Naijua," akasema. "Ile naijua."

"Siyo yenyewe, Mama."

"Basi kaeni nayo. Mimi nakwenda kivukoni Kilambo. Narudi kwangu."

Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka, na kwangu aibu haikawii kugeuka hasira. "Unarudi kwa nani?" nikasema.

Nilitamani kulimeza lile neno. Mama alikubali kurudi mpaka kibarazani tu, akaketi ukutani, akakataa katakata kuvuka kizingiti. Dercio, ambaye hajawahi kumkatalia mama yake jambo lolote, akaenda kutafuta bajaji ya kumpeleka.

Tukabaki wawili. Sikuomba msamaha, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitaharibu tena. Nikaleta mkeka, ungo, bisibisi na bunduki, nimeifunika kanga. Nikaketi nimempa mgongo ili asiione ile bunduki, nikaifungua kipande kwa kipande: kitako, mtutu, gia. Ikabaki magazini. Nikabandua mfuniko wake, nikaiinamisha juu ya ungo.

Vigololi elfu mbili vikashuka. Sauti yake ilikuwa ya mvua ya kwanza juu ya majani makavu ya mkorosho.

"Mvua?" Mama akauliza nyuma yangu.

"Siyo mvua, Mama. Ni hivi." Nikamsogezea ungo.

Akachukua kimoja, akakibana kwa meno. "Plastiki."

"Plastiki."

"Ndivyo vilivyomo?"

"Hivi tu."

Akauvuta ungo mapajani na kuanza kupepeta, kwa mikono iliyochambua korosho maisha yake yote. Akatoa vitatu, akavitupa uani. "Vibovu," akasema. Nikamwamini, kigololi chenye kovu kinakwamisha mtambo mzima. Kisha akanirudishia ungo. "Virudishe humo. Nataka kusikia tena."

Nikavirudisha, nikafunga mfuniko, nikang'oa mota na betri inayoizungusha. Nikaizungusha magazini kwa mkono, taratibu, na mvua ikanyesha. Nikaizungusha tena. Jua lilikuwa kali uani, lakini naapa nilisikia harufu ya udongo ulioloa, na nikaona mihogo inainama kwa uzito wa maji. Mama alijinyoosha mkekani, mkono chini ya shavu. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuziona nyayo zake, kwa kuwa siku zote husinzia ameketi. Mlango ulikuwa wazi nyuma yetu, na hakuugeukia.

Bajaji ikaingia. Nikainua kidole, na dereva, Mungu ambariki, akazima injini. Dercio akashuka, akasimama pale pale mkono mdomoni. Mkono wangu uliuma, nao haukuacha kuzunguka. Ismaili nitamtengenezea nyingine, na mdomo wa mtutu utabaki na rangi ya chungwa.

"Umefunga nnango?"

Mama alikuwa amefumba macho. Ilikuwa sauti ya mke kijana, na hakuwa akiniuliza mimi. Nikamtazama Dercio. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nimefunga," nikasema, nikijitahidi kuifanya sauti iwe nzito.

"Haya, njoo basi," Mama akasema, akasogea ukutani na kuacha nafasi mkekani.

Nikaendelea kuzungusha.