Bi Kuluthumu kwenye Maji Moto

Tangu Bi Kuluthumu aanze kuumwa magoti, Mwanne, mke wa mwanawe mkubwa, ndiye aliyemkanda kila jioni nyumbani kwao Majengo. Lakini siku Asma, mke wa mwanawe mdogo, alipokuja na gari kuwapeleka kwenye chemchemi ya maji moto, ndani ya hifadhi ya milimani upande wa Kondoa, mama mkwe alitangazia mtaa mzima: "Asma wangu ananipeleka kutibiwa!"

Asma wangu. Mwanne aliyarudia maneno hayo moyoni njia nzima.

Walipofika, mvuke ulikuwa ukipanda katikati ya miti. Asma alirudi garini kufuata kanga za kubadilisha. Mwanne akachovya vidole. Maji yalikuwa na joto la kupendeza, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga.

"Vipi, yanafaa?" aliuliza Bi Kuluthumu.

"Yanaunguza, Mama. Yatakubabua."

Uongo ulimtoka bila hata kukwama. Asma aliporudi akaambiwa, hakuyagusa maji, alimwamini. Uso ukamshuka. "Pole, Mama. Ngoja nikakuletee chai," alisema, akaondoka tena.

Mwanne alifurahi, ila furaha haikudumu. Bi Kuluthumu alikaa juu ya jiwe, akijisugua magoti na kuyatazama maji. Mwanne akageukia pembeni, akavua viatu, na bila kufikiri akatumbukiza miguu.

"Mwanne, mbona wewe huungui?"

Mwanne akaitoa miguu majini. "Yanafaa, Mama. Nimekudanganya. Sikutaka awe yeye wa kukuponya."

"Kumbe nateseka hapa kwa sababu ya wivu wako?" Bi Kuluthumu aling'aka. "Asma akija, mwambie mwenyewe."

Asma alikuja na chupa ya chai. Mwanne alimweleza yote. Asma aliweka chupa chini, akamshika mama mkwe mkono wa kulia. Mwanne akashika wa kushoto. Wakamshusha taratibu mpaka maji yakamfunika magoti.

"Alhamdulillahi," Bi Kuluthumu aliguna, macho kayafumba. Kisha akasema, "Asma wangu, nisugue mgongo."

Wivu ulimchoma Mwanne upya, palepale. Jiwe la chini lilikuwa linateleza, akaendelea kukishika kiwiko cha mama mkwe kwa nguvu.