Baruti Aliyoacha Thadeo

Haya ni kweli tupu, na kama nimeongeza neno, ulimi wangu uote ukungu.

Mwaka 1976 rafiki yangu Thadeo alikufa kwa homa. Alikuwa Mnyamwezi aliyehamia Msimbu, akapewa kazi ya kulinda mihogo ya kijiji dhidi ya nguruwe. Nguruwe wenyewe walikuwa wakubwa; mmoja nilimpanda mpaka Kisarawe kufuata sukari. Risasi zilikuwa adimu, basi Thadeo alikuwa akijaza upya maganda ya risasi zilizopigwa mwenyewe. Alimwachia mkewe Ursula maganda matupu, raifoli mbili za kijiji na robo kopo la baruti.

Siku ya arobaini Ursula aliniita uani.

"Shemeji, nilikuwa nikisikia bunduki yake bondeni, nabandika maji ya ugali. Najua anarudi. Nataka niisikie mara moja tu. Nijazie."

Ningemkatalia vipi? Nikayapanga maganda mkekani, manene ya raifoli kubwa, membamba ya ile ndogo. Tatizo, kopo halikuandikwa kitu. Thadeo alikuwa akisema kuna baruti ya haraka na baruti mvivu, kila moja na ganda lake. Ukikosea, bunduki inakupasukia usoni.

Nikanusa. "Hii mvivu," nikasema. "Ganda kubwa."

Kitwana, Mzaramo wa Mbwawa, mtani wa marehemu, alikuwa amevaa koti la Thadeo nje-ndani, anachekesha waombolezaji. Akasogea.

"Umeanza lini kusoma kwa pua? Haya, apa kwa kaburi la Mnyamwezi wangu kwamba unaijua."

Nikaliweka kopo chini. Haapi mtu uongo juu ya kaburi, mtani wa marehemu amesimama mbele yake.

"Basi haina ganda," Kitwana akasema, safari hii bila mzaha. "Shemeji, tutazika mtu mwingine."

Ursula akayasukuma maganda kando. Kisha akaimwaga baruti mwenyewe mchangani, akaniomba kiberiti, akaiwasha.

Hapo ikalia. Ililia hata Kibaha wakadhani treni imeanguka, na kanga wa Mbwawa wakataga kwa hofu. Ursula akatabasamu, akaenda kubandika maji.

Ndivyo nilivyoandika, na jana nikawasomea Ursula na Kitwana nyumbani kwangu. Kitwana alicheka kwenye nguruwe. Ursula hakucheka popote.

"Haikulia," akasema. "Iliwaka tu, fuu, kama nyasi kavu. Nilitega sikio mpaka moshi ukaisha. Na wewe ulikuwepo."

Nikamwambia nilitaka aisikie japo kwenye karatasi.

"Miaka yote hii natega sikio, shemeji. Usinilizie bunduki ya uongo."

Kitwana akakohoa. "Umemsingizia mtani wangu mlio ambao hakuupiga. Faini jogoo, na apewe mjane."

Sikubisha. Nikaenda bandani, nikamkamata yule mwekundu ninayempenda, nikamfunga miguu, nikamweka mapajani mwa Ursula.