Mtaro Kwanza

Gundi ya unga wa ngano haitaki haraka. Maji yachemke kwanza, unga ukorogwe pembeni kwa maji ya baridi, kisha umiminwe kidogo kidogo huku mwiko hautulii. Ukikimbilia unapata madonge, na karatasi inavimba ukutani kama shavu la mtu anayeumwa jino. Asubuhi hiyo mshonaji alipika sufuria nzima kwenye jiko la mkaa mbele ya nyumba yake, cherehani kaifunika shuka isiingie moshi. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa anagombea umeya, na mabango yake yalikuwa yamefika kutoka kwa wapiga chapa, bado yananuka wino.

Wifi huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mnene wa sauti nzito na kicheko cha karibu. Ilani yake ilikuwa na mengi: mabasi yanayofuata saa, vyoo vya maana masokoni, taa barabarani, madarasa yasiyovuja. Lakini kila alipoulizwa ataanzia wapi, alisema mtaroni. Mtaro mkuu wa jiji ulipita nyuma ya nyumba ya mshonaji, na ulikuwa umeziba tangu enzi za mameya ambao hakuna tena aliyewakumbuka. Masika yaliyopita maji yaliyokosa njia yalimchukua mumewe, ambaye alitoka mara moja tu kuinua banda la kuku. Mshonaji hakuwa amemsamehe mtu yeyote kwa hilo, wala hakujua aanze na nani.

Picha ya bango ilipigwa mtaroni humohumo, mgombea kavaa gambuti, beleshi mkononi. Mshauri wa kampeni alitaka ikatwe kifuani, kama picha za wagombea wote, ili uso uonekane vizuri. Mshonaji alimtolea uvivu.

"Mkimkata miguu atafikaje huku? Mkimkata mikono atafanya kazi na nini, na meno?"

Wifi yake alicheka hadi akashika mbavu, na picha ikachapwa nzima.

Walibandika mabango mtaa mzima, na moja likaenda chumbani kwa mshonaji kuziba ufa. Kesho yake, watu wakiwa wanachemsha chai, picha zilishuka kutoka kwenye kuta na kuingia mtaroni. Mshonaji alifungua dirisha la nyuma akawaona, wote wifi yake, wote na gambuti, wote wembamba wa karatasi. Mmoja akigeuka ubavu humwoni kabisa, unaona tope tu linaruka.

"Wifi zangu, njooni mnywe chai," akawaita.

"Mtaro kwanza," wakajibu kwa pamoja, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa chini ya picha, na maneno mengine hawakuwa nayo.

Jirani yake, muuza mkaa, alilalamika kidogo kwamba wanamrushia matope kwenye magunia, kisha akawaonyesha mahali pa kutupa taka. Ukutani kwake kulikuwa na bango la mpinzani, yule waliyemwita Mzee wa Daraja kwa sababu aliahidi daraja la taa za rangi katikati ya jiji. Picha hiyo ilikuwa imekatwa kifuani. Muuza mkaa aliiomba imsaidie kujitwika gunia, ikatabasamu. Hakuikasirikia. Ingeshika na nini?

Mgombea mwenyewe alifika mchana, akasimama ukingoni akiwatazama wenzake wakichimba.

"Usishuke, wifi," mshonaji akamwambia. "Hawa wamekonda. Wewe utauziba."

"Na wewe na ulimi wako huo, kaka yangu alikuvumilia vipi?"

"Alikuwa anatoka nje."

Walicheka, halafu wakautazama mtaro, kwa sababu wote wawili walikumbuka alivyotoka mara ya mwisho.

Picha zilichimba hadi maji ya zamani yakaanza kutembea. Zilipofika kwenye ghala la saruji zikasimama. Mwenye ghala alikuwa amejenga ukuta kukatiza mtaro, na juu ya ukuta, kwa rangi nyekundu, yaliandikwa maneno: USIBANDIKE MATANGAZO HAPA. Zilikuwa picha za mwalimu, na zilitii maandishi. Ziliegemeza mabeleshi mabegani zikangoja.

"Ukuta huu meya anauondoa kwa amri moja," mgombea akasema. "Nipe kura yako, uone."

"Kura unayo. Mimi ninachotaka ni nisimfuate ndugu yako kwa njia ileile."

Alishinda. Mtaa mzima wa bondeni ulimpigia kura, na hata waliompenda Mzee wa Daraja walisema yeye daraja lake litangoja. Mara tu matokeo yalipotangazwa, askari wa jiji walikuja kuondoa mabango ya kampeni, kama sheria inavyotaka. Picha hazikuleta ubishi. Zilipanda kutoka mtaroni, zikasafisha gambuti bombani, zikalala kwenye lori moja juu ya nyingine. Muuza mkaa alivua kofia lori lilipoondoka. Ile ya chumbani ilibaki, maana sheria haiingii chumbani kwa mtu, na tena ilikuwa na kazi ya ufa.

Mawingu yalipoanza kutanda, ukuta bado upo, mshonaji alivaa gauni lake la heshima akaenda ofisi ya meya. Alimkuta wifi yake nyuma ya meza pana, katibu muhtasi akimnywesha chai. Ukutani palikuwa na picha mpya ya ofisi, uso umetoka vizuri sana, imekatwa kifuani.

"Mwenye ghala amekimbilia mahakamani," meya akasema. "Kesi imeahirishwa. Nimeagiza, nimebembeleza, nimefoka. Vuta subira, wifi yangu."

"Mvua haivuti. Inuka twende."

Meya hakuinuka. Mshonaji aliinama akachungulia chini ya meza. Palikuwa na kiti tu.

"Tangu lini?"

"Tangu ile picha. Mpiga picha alisema ndivyo ofisi hii inavyopigwa, mameya wote."

"Inauma?"

"Haiumi. Ndiyo ubaya wake." Machozi yalimtoka meya, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafuta, mshonaji aliyafuta kwa upindo wa mtandio wake. "Wallahi nataka kuja, wifi. Nitakuja na nini?"

Mshonaji alimhurumia kuliko alivyokuwa amemkasirikia, akarudi nyumbani.

Mvua ilianza mchana. Alikuwa anapandisha kitanda juu ya matofali wakati picha ya chumbani ilipojibandua kwenye ufa na kuchukua beleshi.

"Kaa ndani. Wewe ni karatasi, utaloa."

"Mtaro kwanza."

Hakubishana nayo. Alikata nailoni ya kufunikia vitambaa, akaishonea koti mbio mbio, na kipande kilichobaki akakifanya kofia. Aliifunga vifungo mwenyewe, kama afungwavyo mtoto anayekwenda shule. Kutoka dirishani aliiona ikishika njia ya ghala. Ilifika ukutani, ikasoma yale maandishi mekundu, na safari hii ikainua beleshi. Kisha mvua ikazidi, na hakuona tena kitu.

Maji yalirudi kutoka ukutani, yakaingia kwa kila mtu. Mshonaji alikaa juu ya kitanda na cherehani mapajani mpaka yaliposhuka. Mlangoni kwake yalikuwa yameacha lile koti la nailoni, na ndani yake, mkavu, mkono mmoja wa karatasi umeshika beleshi. Kwa jirani hayakuacha kitu. Watu walimtafuta muuza mkaa mtaro mzima, wakaja kumpata chini ya ukuta wa ghala. Ukuta haukuwa na hata mkwaruzo.

Baada ya maziko mshonaji alipika gundi. Hakuharakisha. Aliibeba kwenye kikopo, akapita kwa katibu muhtasi bila kubisha hodi, akaupaka ule mkono gundi na kuubandika begani kwa wifi yake, akiukandamiza kwa kiganja taratibu, kuanzia juu kushuka chini, yasibaki mapovu.

Meya aliutazama mkono wake. Vidole vilijaribu kukaza beleshi.

"Usiutikise," mshonaji akamwambia. "Bado mbichi."

"Utakauka lini?"

"Ikiacha kunyesha."

Wote wawili wakatazama dirishani. Ilikuwa bado inanyesha.